Hali ya Gari: Nzuri

24 Novemba, Jumapili

Safari: Uyole – kanisani – Uyole. Abiria: Esta. Hali ya hewa: mvua ya kwanza. Hali ya gari: nzuri.

Miaka thelathini na moja nimejaza logbuku za serikali. Mtu anastaafu, mkono haustaafu. Kwa hiyo nimenunua kaunta buku hili kwa ajili ya Benzi langu. Mabosi niliowaendesha walikaa nyuma wakisoma magazeti na kusema "Rabson, punguza mwendo." Leo Rabson ana lake, jeusi, viti vya ngozi. Lina miaka ishirini na nane, na bado likipita hapa Uyole watoto wanapiga kelele "Mzee Benzi!" Wenye wivu wajinyonge.

Mke wangu namkalisha nyuma, kama wakubwa. Leo kalalamika kuwa maji ya barabarani yanamrukia miguuni kutokea chini. Nimemwambia masika hata nyumba ya mchungaji inavuja.

27 Novemba

Nimeinua zulia. Chini ya miguu, nyuma kushoto, bati limeoza, kuna tundu la kupitisha ngumi. Nimekata katoni ya mafuta ya kula, nikalaza na nailoni, nikarudisha zulia. Dakika ishirini. Esta akauliza kwa nini nisimpelekee fundi Bushiri. Nikamjibu kwamba Bushiri akiona Benzi anaona shamba la mpunga lililoiva.

3 Desemba

Gari limeanza kunguruma. Nimepita gereji kwa Bushiri, nimsikilize tu. Ni fundi mzuri, sikatai. Baba yake alikuja huku kutoka Tanga na spana moja mfukoni, yeye kazaliwa hapa hapa Mbeya. Alilala chini ya gari, akatoka, akajifuta mikono taratibu.

"Mzee Rabson, ekzosi imeoza katikati. Na sakafu juu yake nayo imeoza. Hivyo vitu viwili visikutane."

"Vikikutana vitafunga ndoa?"

Wateja wakacheka. Bushiri hakucheka. "Niachie gari wiki moja. Nikuchomelee sakafu, nikuwekee bomba jipya. Hii si kazi ya kiraka, mzee."

"Nitakuja," nikasema. Nyumbani nikalizungushia bomba kopo la maziwa ya unga, nikalikaza kwa waya. Limetulia. Hali ya gari: nzuri.

9 Desemba

Kioo cha nyuma kushoto kimedondoka ndani ya mlango. Mota imekufa. Nimekivuta juu kwa mkono, nikakigongea kabari ya mbao kisishuke tena. Cha kulia nacho nimekigongea kabari kabla hakijadondoka. Kinga ni bora kuliko tiba. Kioo changu mimi dereva hakina shida. Kile nilikipeleka kwa Bushiri mwezi wa nane, kikawekwa mota mpya. Mwenye Benzi asiposhusha kioo atawasalimiaje watu?

13 Desemba

Mvua kutwa. Gari zima.

21 Desemba

Mwanangu Adrian kaja Krismasi kutoka Idodi, anakofanya kazi ya umeme kwenye kambi ya watalii. Kule hawaruhusu familia, ndiyo maana mkewe Goodness anaishi na sisi. Ana ujauzito wa miezi mitano na zaidi, wa kwanza. Wa mwaka juzi uliharibika, kwa hiyo huu tunauhesabu kama wa kwanza na hatuusemi sana.

Niandike jambo moja kuhusu huyu binti. Ni Mhehe wa Tosamaganga, Mkatoliki, amesoma. Lakini heshima ya Kinyakyusa ameishika kuliko binti zangu wa kuzaa. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani usoni wala hawazungumzi. Siku hizi wengi wameacha, wanacheka na wakwe zao kama wanafunzi wenzao. Goodness hapana. Akinisikia nakohoa anazunguka nyuma ya nyumba na kitenge kichwani. Uji ukiiva, nimekaa hapo hapo, anasema, "Mama, mwambie baba uji tayari." Esta ananigeukia, "Baba, uji tayari." Nami najibu, "Mama, mwambie nashukuru." Moyoni najivunia mno.

Adrian anataka mkewe arudi kwao mwezi wa pili, ajifungue kwa mama yake. Ni desturi, sawa. "Nitamkatia tiketi ya basi, siti ya mbele," akasema.

"Basi?" nikamwambia. "Wakwe zako waone mke wako anateremka kwenye basi na mimi nina Benzi uani? Nitampeleka mwenyewe mpaka mlangoni."

5 Januari, Jumapili

Uyole – kanisani – Uyole. Mvua, vioo vyote vimefungwa. Esta anaumwa kichwa tangu tulipotoka. Nimemwambia ni mahubiri, yalikuwa marefu.

12 Januari, Jumapili

Esta kichwa tena, na kichefuchefu. Hataki kula. Nimemwambia anywe maji.

14 Januari

Nilipita kwa Bushiri nikamtupia kama utani: eti Bushiri, gari linaweza kumuumiza mtu kichwa? Akaacha kufungua nati. Akaniambia moshi wa ekzosi ukiingia ndani huuoni. Kwanza kichwa, halafu usingizi, halafu mtu haamki. Akaniuliza ni nani anaumwa kichwa. Nikasema hakuna, nimeuliza tu. Akasema, "Mzee, lete gari."

Anatafuta biashara. Nimeongeza kopo la pili juu ya lile la kwanza, na waya mara mbili.

2 Februari, Jumapili

Esta amekataa kupanda, ametembea kwa mguu hadi kanisani na mwavuli. Anasema anataka mazoezi.

14 Februari

Nimeosha gari, nimepaka viti mafuta. Kesho Tosamaganga. Hali ya gari: nzuri.

17 Februari, Jumatatu

Juzi sikuandika. Jana sikuandika. Leo naandika kwa kuwa siwezi kuzungumza na mtu.

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi, mvua inanyesha ya kukata na shoka. Esta na Goodness wote nyuma, Goodness kushoto, Esta kulia. Mbele mimi peke yangu, kama enzi za kazi. Kabla ya kuwasha gari nilinyoosha mkono nikakigeuzia juu kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, kitazame dari. Kwa sababu ningemwona usoni mkwe wangu njia nzima, na yeye angeniona. Ni heshima. Miaka thelathini na moja sijawahi kuendesha gari bila kile kioo, na juzi nilikigeuza kwa mkono wangu na nikajiona mtu mzima mwenye adabu.

Kioo cha mbele kilikuwa kinashika ukungu, kwa hiyo nilishusha changu vidole vitatu. Upepo ukanipiga shavuni. Mpaka Inyala niliwasikia wakiongea. Baada ya hapo Goodness akasema, sauti ya chini, "Mama, kichwa." Esta akajibu kitu sikukisikia vizuri. Nikafikiri: mjamzito huyo, njia ina kona. Karibu na Igurusi nilimsikia anahangaika na mlango, kitufe cha kioo kinalia tik, tik, tik. Nilijua ni nini. Kabari. Nikanyamaza, kwa sababu ningesema nini? Mama, mwambie nimegongea mti?

Halafu kukawa kimya. Nikafurahi kwamba wamelala. Mungu anisamehe, niliendesha taratibu wasiamke.

Chimala askari wa usalama barabarani alinisimamisha, dada mmoja mwenye koti la mvua. Aliniamkia, akaangalia leseni, akainama kuangalia nyuma. "Mzee, hawa wamelala hivi?" Akagonga kioo. Esta akafumbua macho, hakujua yuko wapi. Goodness hakufumbua. Dada akavuta mlango, kichwa cha Goodness kikadondokea nje kwenye mvua, akakidaka kwa mikono miwili. "Mzee! Huyu mama ana mimba!" Akaingia yeye mwenyewe kwenye gari, mlango wazi, akaniamrisha niendeshe mpaka hospitali ya pale pale Chimala. Niliendesha. Ndani kulinuka moshi, nami niliusikia kwa mara ya kwanza.

Alipata fahamu baada ya kuwekewa oksijeni. Mtoto anapumua, moyo unapiga, walisema. Daktari kijana akatoka na kunivuta pembeni, lakini pazia tu ndilo lilitutenga na kitanda. Akaniuliza, "Mzee, walikuwa sehemu yenye moshi? Jiko la mkaa ndani? Maana huyu mama mwingine naye anaumwa kichwa. Kama ni moshi, nitamlaza mgonjwa, oksijeni mpaka kesho, na mtoto tutamfuatilia."

Yule askari alikuwa amesimama mlangoni anakamua koti lake.

Nikasema, "Hapana daktari. Ni njaa. Wametoka bila kula."

Yametoka mdomoni mwangu hivyo hivyo, wala sikuyatafuta. Niliogopa askari, niliogopa Esta, niliogopa kuitwa Mzee Benzi kwa namna nyingine. Daktari akaniangalia kidogo. Wakawapa chai na mkate. Saa nane wakawaruhusu.

Nikawapandisha basi. Nikamwambia Esta gari linatoa sauti nisiyoielewa, sitaki kuwahatarisha. Esta akanishika mkono mbele za watu akasema, "Ndaga, baba." Asante, baba. Mimi nikarudi Uyole na milango ya nyuma nimeiacha bila kuifunga vizuri, inapigapiga, mvua inaingia juu ya ngozi niliyoipaka mafuta.

19 Februari

Sijagusa gari.

23 Februari, Jumapili

Esta amerudi. Kanisani kaomba nafasi ya ushuhuda. Kasimama na kitambaa chake kichwani, akaeleza jinsi Mungu alivyomwokoa mkwe wake Chimala, na jinsi mume wake alivyoendesha kwa haraka mpaka hospitali. Mzee wa kanisa akaniomba nisimame. Nikasimama. Watu wakapiga makofi. Bibi mmoja akanipa mkono akasema laiti wakwe wote wangekuwa kama mimi. Nilitamani sakafu ipasuke niingie.

26 Februari

Nimepita mbali na gereji ya Bushiri. Kaniona. Hakuniita.

1 Machi

Mvua. Hakuna safari. Nimefungua daftari nikasoma kuanzia mwanzo. "Hali ya gari: nzuri." Nilipokuwa serikalini gari likikohoa tu najaza fomu, linaenda karakana, kwa sababu spea si zangu na aliyekaa nyuma ni mkubwa. Hili langu aliyekaa nyuma alikuwa mke wangu.

6 Machi, Alhamisi

Saa nne asubuhi Esta kapokea simu ya mama yake Goodness. Mtoto hachezi kama mwanzo. Tangu Jumatatu. Wako hospitali, madaktari wanauliza maswali: alianguka? alikunywa dawa? kule Chimala ilitokea nini hasa? Naye Goodness anawajibu ilikuwa njaa tu. Esta akakata simu, akakaa juu ya kigoda cha jikoni. "Njaa gani?" akasema, anajiuliza mwenyewe. "Asubuhi ile nilimpa magimbi na chai ya maziwa. Alikula akashiba. Njaa gani?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikasema, "Mama Adrian, ulikuwa moshi."

Nikamweleza yote. Tundu, katoni, makopo, kabari. Nikamweleza aliyoniambia Bushiri mwezi wa kwanza. Nilipomaliza akauliza neno moja tu: "Na kichwa changu mimi? Ulisema mahubiri."

Akanisogezea simu yake mezani. "Mpigie."

"Nimpigie nani?"

"Mpigie mwenyewe. Mimi si mdomo wako."

Sijawahi kumpigia mke wa mwanangu tangu aingie nyumba hii. Simu ikaita. Akapokea akidhani ni mama mkwe wake.

"Shikamoo mama."

"Goodness, ni mimi. Baba." Nikasikia hata mvua ya huko. "Usiponijibu si vibaya, mwanangu. Wewe sikiliza tu. Gari lilikuwa linaingiza moshi. Si njaa. Waambie madaktari ni moshi wa gari."

Nikadhani amekata. Halafu sauti ambayo miaka mitatu nimeisikia ikimwambia Esta uji tayari, ikaniambia mimi:

"Nilijua, baba. Niliusikia tangu Inyala."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani? Mama naye alishasinzia. Na wewe uligeuza kile kioo." Akavuta pumzi. "Halafu nilikusikia nyuma ya pazia unamwambia daktari njaa. Nikaona baba akishasema njaa, mimi mtoto wa watu siwezi kusema vingine. Ndiyo nikawaambia njaa. Na hapa pia."

Nimeendesha Kitonga usiku na breki mbovu, nimepinduka Rujewa na bosi ndani, sijawahi kuogopa kama leo. Huyu binti amebeba uongo wangu tumboni wiki tatu pamoja na mtoto, kwa sababu ya heshima aliyonipa nami nikajivunia.

"Waambie," nikasema. "Waambie sasa hivi."

"Niwaambie ulikuwa hujui?"

Alinifungulia mlango wa kutokea. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye: nilitaka kupita.

"Sema baba mkwe alijua. Sema alionywa na fundi, akajua."

"Haya, baba," akasema, akakata.

7 Machi

Wamempasua usiku wa kuamkia leo. Mtoto wa kiume, kilo mbili kasoro. Yuko kwenye mashine ya joto. Mama mzima. Madaktari wanasema watamwangalia mwaka mzima, anakuaje, anasikiaje, anashikaje vitu. Hawawezi kusema leo.

Adrian alipiga. "Baba, sina la kusema. Nikilipata nitakupigia." Esta amehamishia mito yake chumba cha Goodness.

10 Machi

Hajapiga.

15 Machi

Nimevuta gari kwa kamba hadi gereji. Nilikataa kuliwasha. Bushiri akaligonga gonga chini, akatoa makopo yangu mawili ya maziwa, meusi tii, akayaweka benchi. Hakusema nilikwambia. Afadhali angesema.

Nikamwomba atoe mota ya kioo changu aihamishie nyuma kushoto, mimi nitakaa na kabari. Nilidhani nimewaza jambo la maana. Akanitazama.

"Mota ya mbele haikai nyuma, mzee. Unataka kuungaunga tena?"

"Basi fanya unavyojua. Vyote."

"Itachukua muda."

"Nina muda."

23 Machi, Jumapili

Niliomba nafasi kanisani. Nikasema kwamba mwezi jana mlinipigia makofi, na hayakuwa yangu, na nikaeleza kwa nini. Hakuna aliyepiga makofi wala kuzomea. Wakati wa kutoka watu walinisalimia kwa upole sana, na ule upole ndio ulioniuma. Watoto wa mtaani bado wananiita Mzee Benzi. Hawajui.

2 Aprili

Mtoto ametoka hospitali. Anaitwa Kasian, jina la baba yake Goodness. Kwenye ukoo wetu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba. Sikuuliza.

11 Aprili

Gari limetoka. Sakafu mpya, imechomelewa na kupakwa lami. Ekzosi mpya toka mbele hadi mkiani. Vioo vinne vinapanda na kushuka. Bushiri alinipa zile kabari mbili mkononi. "Mali yako, mzee." Nimeziweka juu ya meza ninapoandikia.

Nilikaa siti ya nyuma kushoto, Bushiri akaendesha, vioo vimefungwa, hadi Inyala na kurudi. Kichwa hakikuuma. Nililia kidogo, Bushiri akajifanya anaangalia lori lililokuwa mbele yetu.

26 Aprili, Jumamosi

Mvua zinaisha. Leo walirudi kwa basi, Adrian akiwa nao. Esta alishatangulia stendi kwa mguu. Mimi nikaenda na gari, nimelipanguza, nimeshusha vioo vyote vinne, na kile cha ndani nimekielekeza nyuma, panapoonekana siti yote.

Adrian aliteremka kwanza. Akanipa mkono, shikamoo, marahaba, basi. Halafu Goodness na mtoto mgongoni. Nikainamisha macho chini kama kawaida yetu. Viatu vyake vikaja vikasimama mbele yangu. Hakuzunguka, wala kitenge hakukivuta usoni.

"Shikamoo, baba."

Nikainua macho. Ni mara ya kwanza kuuona vizuri uso wake. Ana kovu dogo chini ya kidevu, sikuwahi kulijua.

"Marahaba, mwanangu. Gari limetengenezwa," nikasema. "Lote. Muulizeni Bushiri. Vioo vinashuka." Nilisikia jinsi ninavyosema, kama mchuuzi.

Akaliangalia gari. Akaangalia ule mlango wa nyuma kushoto. Akageuza mgongo kidogo ili nimwone Kasian. Amelala, mdomo wazi, anapumua vizuri. Nikahesabu pumzi zake mpaka nane.

"Baba," akasema, taratibu, bila hasira, "sisi tutapanda bajaji. Begi liweke kwenye gari."

Nikalibeba begi mwenyewe, nikaliweka siti ya nyuma. Wakapanda bajaji wote wanne, Esta na Adrian wakibanana magoti. Nikawafuata nyuma, gia ya pili, kilomita moja na nusu, hadi nyumbani.

Safari: nyumbani – stendi – nyumbani. Hali ya hewa: jua. Mzigo: begi moja la nguo za mtoto. Abiria: hakuna. Hali ya gari: nzuri.